Mwanao Anasoma, Lakini Nani Anamsikiliza?

Jumanne moja jioni nilisikia harufu ya maharage yanayoungua. Nilikuwa barazani nikimalizia nguo za wateja, na sufuria jikoni nilikuwa nimemwachia binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nilipoingia nilimkuta ameketi juu ya kigoda, mgongo kaupa jiko, uso wote umo ndani ya kitabu. Maji yalikuwa yamekauka zamani. Nilimwita mara mbili, hakunisikia.

Nilikasirika, akina mama wenzangu, wala si kwa ajili ya maharage tu. Katika ripoti ya muhula uliotangulia binti huyu alikuwa amepata alama za chini katika ufahamu. Mwalimu wake aliandika kwamba anasoma vizuri kwa sauti lakini haelewi anachosoma. Kwa hiyo nilitaka kumwona na daftari la mazoezi mkononi, siyo kitabu cha hadithi. Nikamnyang'anya kile kitabu, nikakifungia katika droo ya cherehani, nikamwambia, "Hadithi utasoma ukimaliza shule."

Hakubisha. Alisema neno moja tu: "Mama, kesho mimi ndiye mwulizaji." Sikumwuliza maana yake.

Siku ya pili alirudi na kikaratasi kutoka kwa mwalimu wa Kiswahili, akiniomba nifike shuleni. Ijumaa nikafunika mashine, nikakitia kitabu katika mkoba, nikaenda. Njiani nilijiandaa kulalamika. Nilitaka kumwuliza mwalimu kwa nini watoto walioshindwa ufahamu wanapewa hadithi za kujifurahisha.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama, kitabu hicho wanakisoma watoto wawili kwa zamu. Juzi kikundi chao kilikaa bila kitabu na bila maswali. Nakuomba ukae nyuma ya darasa kipindi hiki, halafu tutazungumza."

Niliona aibu. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto mmoja, kumbe nimewaadhibu watano.

NILICHOKIONA DARASANI

Darasa lilikuwa na watoto 40. Kengele ilipolia waligeuza madawati, wakajipanga katika vikundi 8 vya watu watano watano, nyuso zikitazamana. Mwalimu hakusimama mbele ya ubao. Alichukua daftari dogo, akawa anapita kimya kimya kati ya vikundi.

Kikundi cha binti yangu kilikuwa kinasoma Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1952. Pengine nawe ulikisoma ujanani. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao wivu uliwafanya wamtende ubaya mkubwa. Ndugu hao wakageuzwa kuwa manyani, na Adili akaamriwa na jini awachape kila usiku. Naye huwachapa huku moyo unamuuma, kisha huwalisha.

Binti yangu alifungua kikaratasi chake, akauliza: "Mtu akiamriwa kufanya jambo asilolipenda, naye akalifanya, je, ana kosa au hana?"

Mmoja akajibu kwamba Adili hana kosa, maana asipotii ataadhibiwa yeye. Mwingine akasema ndugu zake walistahili. Msichana mmoja akasema hapana, mkosaji akishageuzwa mnyama amekwisha kupata adhabu, ya nini tena viboko? Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo, ameinamisha kichwa. Wakamngojea. Mwisho akasema, "Mimi ningewapiga polepole."

Wote walicheka, naye akacheka. Lakini binti yangu hakuliachia hapo. Akamwuliza, "Je, jini asingejua?" Wakatazamana. Kisha, bila kuamriwa na mtu, wakaviinamia vitabu kutafuta mahali amri ile ilipotolewa, waone ilisemwaje.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona watoto wakirudi katika kurasa walizokwisha kusoma ili wapate uhakika wa neno. Na huyu ndiye binti aliyeandikiwa kwamba haelewi.

Baadaye mwalimu alinieleza. Walipokuwa wakisoma kwa sauti darasa zima, kila mtoto aya moja, binti yangu alikuwa akihesabu aya mpaka ajue ipi itamfikia. Hiyo aliirudia moyoni asije akakosea akachekwa. Zilizopita mbele yake na zilizofuata hakuzisikia. "Alikuwa anasoma ili asichekwe," mwalimu aliniambia. "Sasa anasoma kwa sababu wenzake wanne wanangoja kusikia atauliza nini."

WAZO HILI LIMETOKA WAPI?

Wengi wetu tulikua tukisikiliza hadithi za bibi. Bibi alianza kwa "Paukwa," nasi tukaitika. Tulimkatiza, tulimuuliza, tulibishana kama sungura alitenda haki. Hatukuketi kimya kungoja maswali 10 ya kujibu kwa maandishi. Kwa hiyo mazungumzo juu ya hadithi si kitu kigeni kwetu.

Mpango wa kuyaingiza mazungumzo hayo katika kipindi cha kusoma umeenea sana Marekani. Mwaka 1982, jijini Phoenix katika jimbo la Arizona, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Karen Smith alikuwa na sanduku la vitabu vya hadithi vya namna mbalimbali. Wanafunzi wake walijichagulia vitabu, wakajigawa wenyewe, wakaanza kuvizungumza. Alipowasikiliza alishangaa jinsi walivyozama katika fikra. Walimu wengine walijaribu njia kama hiyo, na mwaka 1994 Harvey Daniels wa Chicago alitoa kitabu kinachoeleza namna ya kuviendesha vikundi hivyo.

Huko hutumika sana katika shule za kati, kwa watoto wa miaka 11 hadi 14. Wazee waliosoma Tanganyika katika miaka ya 1950 wanalikumbuka jina hilo, maana shule ya kati ilikuwa darasa la 5 hadi la 8. Kenya nayo, tangu mwaka 2023, imeanza kuwa na darasa la 7 kama mwanzo wa sekondari ya chini. Kwetu ni wale wa mwisho wa shule ya msingi na mwanzo wa sekondari.

Umri huo unajulikana kwa kila mama. Mtoto anaacha kutusikiliza sisi na kuanza kuwasikiliza wenzake. Mwalimu huyu anautumia udhaifu huo uwe nguvu. Ikiwa watamsikiliza mwenzao kuliko mtu mzima, basi wenzao wawe wanazungumza juu ya kitabu.

KUPANGA KABLA YA KUANZA

"Wewe ni mshonaji," mwalimu aliniambia. "Hukati kitambaa kabla ya kupima." Alikiri kwamba mara ya kwanza hakupima. Aligawa vitabu, akawaambia watoto wazungumze. Dakika 10 zilipopita darasa lilikuwa soko. Katika kila kikundi mtoto mmoja alisema peke yake, wawili walicheza, na waliobaki walitazama dirishani. Mara ya pili alipanga kwa makini. Haya ndiyo aliyonieleza, nami nayaandika kwa ajili ya akina mama walimu wanaopenda kujaribu, na kwa sisi tunaotumwa kitabu nyumbani tusijue ni cha kazi gani.

Kwanza, vitabu. Alichagua vinne vinavyotofautiana: Adili na Nduguze, Hekaya za Abunuwasi kwa wapendao kucheka, nakala kuukuu za Mashimo ya Mfalme Suleiman kwa wapendao safari na hatari, na Watoto wa Mama Ntilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ya mwaka 2002, inayohusu maisha magumu ya watoto wa mama muuza chakula. Kila kimoja alikisoma chote kwanza. Usimpe mtoto kitabu ambacho wewe hujafika mwisho wake, maana hujui utakutana na nini humo.

Pili, mtoto achague. Siku ya kwanza mwalimu alivinadi vitabu kama mtu wa mnada. Kila kimoja alikisemea dakika tatu, akasoma kipande kidogo, akanyamaza pale panaponoga. Kila mtoto akaandika vitabu viwili anavyovitaka, cha kwanza na cha pili. Mwalimu akavipanga vikundi kwa kufuata karatasi hizo, vikundi viwili kwa kila kitabu. Karibu wote walipata walichokitaka. Hakuwatenga wepesi huku na wazito kule. Mtoto akishajua kwamba ametiwa katika kikundi cha wajinga, hasomi tena.

Tatu, nakala. Hapa ndipo walimu wengi wanapokata tamaa, kwa kuwa shule haina vitabu. Mwalimu huyu alihitaji nakala 3 tu kwa kikundi cha watoto watano, jumla 24. Nyingine zilitoka maktaba, nyingine aliazima shule ya jirani, na chache zilinunuliwa na wazazi. Watoto wawili wakae jirani kwa jirani, wapeane zamu. Nakala ikiwa moja tu, mmoja asome kwa sauti na wanne wasikilize. Vitabu vikikosekana kabisa, hadithi fupi moja iliyonakiliwa kwa mkono yatosha kwa kuanzia.

KUGAWA SIKU NA KURASA

Kikundi kisichojua kitamaliza lini hakimalizi. Mwalimu alitenga wiki nne, mara mbili kwa wiki, yaani mikutano 8. Wa kwanza ulikuwa wa kupanga, wa mwisho wa kulieleza darasa zima kuhusu kitabu. Sita ya katikati ilikuwa ya mazungumzo yenyewe.

Hesabu ni nyepesi. Kitabu cha kurasa 96 ukikigawa kwa mikutano 6 unapata kurasa 16 kwa kila mkutano. Lakini watoto ndio walioigawa wenyewe, wakatazama sura inapoishia, wakaandika tarehe katika kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya jalada. Karatasi hiyo ilikuwamo katika kitabu nilichokifungia. Ningekifungua tu ningeona: "Jumatano, uk. 33 hadi 48."

Kipindi cha dakika 40 nacho kiligawanywa. Dakika 5 za kukaa na kufungua vitabu, dakika 25 za mazungumzo, na dakika 10 za kila kikundi kulieleza darasa jambo moja tu walilobishania. Sehemu hii ya mwisho isikatwe. Ndiyo inayowafanya wa kikundi kingine watamani kitabu wasichokisoma.

KILA MTOTO NA KAZI YAKE

Sasa nilielewa maana ya "mwulizaji." Katika kila mkutano watoto watano walikuwa na kazi tano, nazo zilibadilishwa kwa zamu:

Mwulizaji huja na maswali matatu ya kuanzisha mazungumzo.

Mfupishaji hueleza kwa maneno machache yaliyotokea katika kurasa za siku hiyo.

Mteuzi huchagua kifungu kimoja kizuri, cha kuchekesha au cha kutisha, akakisoma kwa sauti na kusema kwa nini amekichagua.

Mtafuta maneno huleta maneno matatu magumu na maana zake, kutoka katika kamusi au kwa kuuliza watu wazima.

Mlinganishi hutafuta jambo la kitabuni linalofanana na maisha, au na hadithi nyingine anayoijua.

Mtoto apendaye kuchora aweza kuleta picha ya tukio moja, wenzake wakabahatisha ni lipi.

Kazi hizi zina faida kubwa mwanzoni. Yule mtoto mwoga hupata neno la kusema alilolitayarisha nyumbani. Lakini zina hatari yake pia, na Daniels mwenyewe aliionya katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 2002. Zikizidi, kila mtoto husoma karatasi yake, akanyamaza, akamngoja anayefuata, na mazungumzo yanakufa. Kwa hiyo mwalimu huyu aliziondoa baada ya mkutano wa nne. Kila mtoto akaja na kikaratasi cha mawazo yake tu. Ni kama mtoto anayejifunza kutembea. Unamshika mkono, lakini siku inafika unamwachia.

MASWALI YAPI YANAFAA?

Swali ndilo moyo wa kikundi. Kabla ya kuanza, mwalimu aliwafundisha kutofautisha maswali ya aina mbili. La kwanza ni lile ambalo jibu lake lipo katika mstari mmoja wa kitabu: "Ndugu wa Adili ni wangapi?" Ukijibu, mazungumzo yamekwisha. La pili halina jibu moja: "Kwa nini Adili anawalisha baada ya kuwachapa?" Hapo kila mtu ana lake, lakini kila mmoja lazima aonyeshe kitabuni kinachomfanya aseme hivyo.

Aliwafundisha pia maneno ya kupingana bila kugombana: "Mimi nimeona tofauti," "Tuonyeshe ni ukurasa gani," "Bado hatujamsikia fulani." Aliita kikundi kimoja kikae katikati ya darasa kizungumze, wengine wakizunguka kutazama. Baadaye akawauliza waliotazama: nani alimsaidia mwenzake kusema? Nani alimkatiza? Siku moja nzima ilikwenda kwa zoezi hilo, naye anasema hakuipoteza.

YANAPOTOKEA MATATIZO

Kila kikundi kina msemaji asiyenyamaza. Dawa ya mwalimu ilikuwa kete za bao. Kila mtoto alipewa kete tatu. Ukisema, unaweka moja katikati. Zikikuishia, unasikiliza mpaka wenzako nao wazimalize zao. Punje za mahindi au maharage zitafaa vilevile. Baada ya mikutano miwili kete hazikuhitajika tena, watoto walikuwa wamejifunza kujipima.

Mtoto mkimya asilazimishwe siku ya kwanza. Apewe kazi ya mteuzi, maana kusoma kifungu alichokipenda ni rahisi kuliko kutoa maoni. Pia mwalimu huwapa wote dakika mbili za kuandika wazo lao kabla ya kuanza kusema. Wapo watoto ambao fikra zao huja polepole, na wasemaji wa haraka huwapita.

Asiyesoma kurasa za siku hiyo hachapwi wala hatukanwi. Anakaa pembeni ya darasa na kuzisoma huku wenzake wanazungumza. Adhabu ni kuwasikia wakicheka bila kujua wanacheka nini. Mwalimu anasema ni wachache wanaorudia kosa hilo. Lakini kabla ya kumweka pembeni humwuliza sababu. Wengine hawakusoma kwa uvivu. Wengine hawakusoma kwa sababu taa ilizimwa, au mdogo wao alikuwa mgonjwa, au mama alikifungia kitabu katika droo ya cherehani.

Na alama je? Wakati wa kupita mwalimu huandika katika daftari lake: huyu amekuja na kitabu, huyu ameonyesha ukurasa, huyu amemkaribisha mwenzake. Mwisho wa mwezi kila mtoto huandika ukurasa mmoja: nilidhani hivi, kikundi kikanifanya nidhani hivi. Hapo ndipo anapopima ufahamu.

KITABU KINAPOGUSA JERAHA

Jambo hili nataka tulisome taratibu. Hadithi nzuri hugusa watu. Katika kikundi kilichokuwa kinasoma Watoto wa Mama Ntilie, mtoto mmoja siku moja alisema kwamba naye alikosa shule wiki mbili kwa kukosa viatu. Ada ilifutwa katika sekondari za serikali tangu mwaka 2016, lakini viatu, sare na daftari havikufutwa. Kikundi kikanyamaza.

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa siku kama hiyo. Tangu mwanzo watoto walikuwa wamekubaliana kwamba linalosemwa katika kikundi halipelekwi uwanjani, wala hakuna anayelazimishwa kusimulia mambo ya nyumbani kwao. Hakumhoji mtoto mbele ya wenzake. Aliwarudisha kitabuni kwa swali, na baada ya kipindi akamwita faraghani. Nami siandiki zaidi ya hapo, kwa maana hiyo ni siri ya mtoto na ya mama yake.

Nawaambia jambo hili kwa sababu mbili. Mwalimu anayepanga vikundi ajue kwamba kwa mtoto aliyeumia, kitabu chaweza kuwa mlango, na mtoto akiufungua lazima awepo mtu mzima wa kumpokea. Na likiwa ni jambo la hatari, kama kupigwa vibaya au kuchezewa, siri haifai. Mwalimu awaeleze watoto mapema kwamba jambo la namna hiyo atalipeleka kwa wanaoweza kusaidia. Nasi akina mama, tukisikia mtoto amesimulia jambo shuleni, tusimkaripie kwa kututoa nje. Tujiulize kwanza kwa nini hakuweza kutusimulia sisi.

NA SISI NYUMBANI?

Nilimwuliza mwalimu, "Mimi niliishia darasa la 7. Nitamsaidiaje mtoto wa sekondari?" Akanijibu kwamba hataki nifundishe. Anataka mambo manne tu.

La kwanza, nusu saa isiyokatizwa. Binti zetu hurudi shuleni wakakuta vyombo, maji, mtoto wa kubeba na sufuria jikoni, na kaka zao wamekwenda mpirani. Kazi si mbaya, lakini zigawanywe. Ikiwa ratiba inasema kurasa 16 kabla ya Jumatano, basi kaka asonge ugali siku hiyo.

La pili, mwanga na mahali. Hata kona ya meza ya cherehani inatosha.

La tatu, swali moja kila jioni. Usimwulize "Umesoma?" kwani atajibu "Ndiyo" yakaisha. Mwulize, "Mmefika wapi? Kikundi kinasemaje?" Hata mama asiyejua kusoma aweza kuuliza hivyo, na mtoto anayesimulia kwa maneno yake mwenyewe anajifunza mara mbili.

La nne, tusiite hadithi mchezo. Neno hilo ndilo nililolitumia mimi, na nalijutia.

Akina mama wengine wamekwenda mbali zaidi. Likizo inapofika, watoto watano wa mtaa mmoja na vitabu viwili vya kuazima vyatosha kuanzisha kikundi barazani. Hakuna haja ya mwalimu. Haja ni ratiba, kete za bao, na mtu mzima mmoja anayeweza kukaa karibu bila kutoa majibu. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu.

SWALI ALILONIULIZA

Nisikudanganye kwamba mambo yote yalibadilika kwa siku moja. Ripoti ya muhula uliofuata ilionyesha alama za ufahamu zimepanda kidogo, siyo sana. Bado hukosea tahajia. Lakini mwalimu safari hii aliandika sentensi nyingine: "Anauliza maswali mazuri."

Ijumaa ile tulirudi nyumbani pamoja. Nilimwomba radhi kwa habari ya kitabu, jambo ambalo si rahisi kwa mzazi. Akanyamaza. Usiku nilipokuwa nikipiga pindo, alikuja na kigoda chake, akakaa karibu na mashine.

"Mama," akasema, "wewe ungekuwa Adili ungewachapa?"

Nilitaka kujibu upesi, kama kawaida yetu. Kisha nikaona kwamba sikijui kitabu vya kutosha, na kwamba swali lenyewe halihusu manyani peke yao. Nilifikiri juu ya mara ngapi nimeadhibu kwa sababu tu nilidhani mama mwema ndivyo atakiwavyo kufanya.

"Sijui," nikamwambia. "Nisomee kidogo nisikie ilivyokuwa."

Akaanza kusoma. Hakuhesabu aya. Mahali palipomchanganya alisimama, akarudia, akaniuliza nami naona je. Nilikuwa nimeacha kushona bila kujijua.

Halafu sote wawili tukainuka kwa pamoja na kukimbilia jikoni. Maharage yalikuwa bado mazima.